Masumbuko Atafuta Wajina

Jumatatu, 4 Machi

Mdogo wangu kajifungua! Wa kiume, kilo tatu na nusu, masikio yangu yale yale. Ijumaa wanakwenda kwa msajili kuchukua cheti, na jina bado hawajaamua. Mimi nina miaka arobaini na sita, sina mke, sina mtoto. Nikifa, Masumbuko ndiyo tumekwisha.

Nikapendekeza jina langu. Shemeji akakohoa. Akauliza, kwa upole kabisa, nani humpa mtoto jina la tabu tangu siku ya kwanza. Mdogo wake, fundi saa, akadakia kwamba jina lake yeye maana yake ni neema. Neema! Saa yangu iko kwake tangu Novemba.

Nikajibu papo hapo kwamba Masumbuko alikuwa shujaa wa kale, aliyewasumbua maadui mpaka wakahama. Sijui ilitoka wapi. Ilitoka vizuri.

Jumanne, 5 Machi

Wanataka ushahidi. Najua nani kawachochea. Sawa! Mimi ni mchora mabango, mwaka wa ishirini huu. Kinyozi wa mtaa wetu ni "wa kimataifa" kwa brashi yangu. Shujaa mmoja atanishinda?

Nimepata ubao wa kitanda kibovu. Nimeusugua kwa msasa, nimeufukiza moshi, nimeutoboa kwa msumari ili uonekane umeliwa na wadudu. Maandishi: MASUMBUKO, SHUJAA WA MABONDE SABA. Machozi yalinilengalenga.

Jumatano, 6 Machi

Shahidi wangu ni shangazi. Nimempelekea kilo mbili za sukari. Nimemfundisha yote: shujaa, maadui, mabonde. Akasema amesikia. Sikumuuliza kama amekubali.

Jioni nimeongeza mkuki kwenye ubao, na maandishi nimeyapaka rangi mara ya pili.

Alhamisi, 7 Machi

Sebuleni kwa shemeji, wote tumekaa. Shangazi akaweka kikombe chini, akasema hakuna shujaa yeyote. Kilo mbili!

Akasema marehemu mama alikaa miaka tisa bila mtoto. Alitembea kwa miguu kutoka zahanati hadi zahanati, majirani wakimcheka. Nilipozaliwa, muuguzi akauliza jina. Mama akamjibu kwamba hayo ndiyo masumbuko yake yote, na leo ameyapakata.

Sikuwahi kuambiwa. Mdogo wangu alilia. Shemeji akapenga kamasi. Hata fundi saa alitazama dari. Mdogo wangu akasema basi, mtoto achukue jina la kaka. Nimeshinda! Kwa ukweli mtupu!

Kilichobaki kilikuwa kunyamaza. Lakini ubao ulikuwa nyuma ya mlango, na mkuki peke yake ulinila saa tatu nzima. Nikauleta. Nikatangaza kwamba una miaka mia tatu. Nikauinamisha mtoto naye auone, ukagusa shuka lake jeupe. Likabaki na neno SHUJAA, kinyumenyume.

Fundi saa akauliza rangi ya miaka mia tatu hukauka lini. Mdogo wangu alilikunja shuka. Alinionyesha mlango.

Ijumaa, 8 Machi

Cheti kimetoka. Mtoto kapewa jina la fundi saa. Sikula mchana. Nimepita dukani kwake kudai saa yangu, nikakuta kafunga, kaenda kusherehekea.

Jumapili, 10 Machi

Shangazi kaja na habari. Mdogo wangu amepoa. Cheti hakibadiliki, lakini jina la nyumbani mtoto bado hajapewa. Niende nikaombe radhi, mikono mitupu, na mtoto ataitwa Masumbuko na kila anayempenda. Hadithi ya mama inatosha, akasema. Akalirudia hilo mara mbili, kidole kikiwa mbele ya pua yangu.

Nimelia kidogo. Nimekubali kila kitu. Nakwenda kesho asubuhi, mikono mitupu kabisa! Nabeba tu ile barua ambayo mfalme alimwandikia shujaa kumshukuru. Ukurasa mmoja. Nimeianika juani tangu saa nne, na nimeigusa kila mahali. Imekauka.