Rangi Zisizosema Kitu

Jumanne, 3 Septemba 2024

Leo nimeanza. Sitaachia njiani kama ile sweta niliyoanza kufuma.

Mpango ni huu: mtoto atakuwa na chumba chake. Najua, hapa Kindu mtoto mchanga halali peke yake. Analala kifuani kwa mama yake mpaka mwingine aje kumfukuza. Lakini mimi nimeona picha. Ilikuwa ndani ya sanduku la bati la marehemu baba mkwe, aliyekuwa karani kwenye reli. Gazeti la wakati wa Wabelgiji, limeliwa na mende pembeni. Chumba kidogo cha mtoto. Ukuta mmoja manjano kama kiini cha yai, mwingine rangi ya chungwa. Kiti cha kijani, miguu yake myembamba imeachana kama ya mbuzi anayejifunza kusimama. Saa yenye miale kama jua. Pazia la maduara na pembetatu. Chini wameandika kwa Kifaransa kwamba huo ndio mtindo wa kisasa. Mwaka 1958. Kwangu bado ni kisasa.

Jambo zuri kuliko yote: huwezi kujua kama ni chumba cha mvulana au cha msichana. Hapo ndipo penye akili yangu.

Mwaka jana ekografi ya tumbo ilisema mvulana. Nikapaka buluu. Kofia buluu, blanketi buluu, hata beseni. Tulishampa jina. Akatoka kimya. Sauti yake sikuisikia hata mara moja. Nimefikiri sana, nimepata jibu: kosa lilikuwa buluu. Tulikitangazia kifo kila kitu, mpaka jina. Safari hii nimekataa ekografi. Sitaki kujua, na kifo nacho kisijue. Rangi zangu hazitasema kitu.

Tatizo ni mama mkwe, Mama Élisabeth. Tunakaa naye parsele moja, uani mmoja, maana mume wangu Dieumerci anachimba madini huko Pangi. Mama mkwe hataki hata sindano inunuliwe kabla mtoto hajalia. Mwaka jana alinionya, sikusikia. Basi nimemwambia naisafisha depo, ile stoo ya makaa, ili tupangishe. Alifurahi! Nilijiona mwerevu kama wakili.

Depo ni ndogo. Nikilala chini, kichwa kinagusa ukuta huu, visigino vinagusa ule. Nililala kupima, nikashindwa kuinuka. Miguu imevimba. Itakuwa ni vumbi la makaa.

Alhamisi, 5 Septemba

Leo ilikuwa siku ya konsultasiyo ya wajawazito. Muuguzi Nicole alisema nisikose, kwa sababu mara ya mwisho tansiyo, presha ya damu, ilikuwa juu kidogo. Nitaenda wiki ijayo. Leo Mama Élisabeth alikuwa shambani mpaka jioni. Siku kama hiyo haipotezwi.

Rangi nimeipata kwa wapaka boti pale mtoni, mabaki ya mabaki. Chungwa nusu kopo, manjano chini ya hapo, kijani cha kulamba tu. Ilikuwa nzito kama ugali. Mafuta ya taa hayakuwepo nyumbani, nikaizimua kwa mawese. Mafuta ni mafuta, nilifikiri.

Si kweli. Ukuta haukauki. Unang'aa kama samaki wa kukaanga. Sisimizi wamekuja, wao na wakwe zao.

Kisha kuku wa mama mkwe akaingia, akajiegemeza ukutani. Akatoka upande mmoja mweupe, upande mwingine chungwa, akaenda moja kwa moja kumpokea mwenyewe langoni. Mama Élisabeth akauliza kuku amepatwa na nini. Nikasema ni alama, kwa ajili ya wezi. Akasema ni wazo zuri. Nitie alama wote.

Kuku wote! Nusu ya ukuta wangu sasa inatembea uani.

Kichwa kinauma. Naona vinyota pembeni mwa macho. Harufu ya rangi hiyo, hakuna kingine.

Jumamosi, 7 Septemba

Kwa Papa Octave, seremala wa nyuma ya soko. Sikuweza kutaja kitanda cha mtoto, kwa sababu wanasali pamoja na mama mkwe, angejua kabla sijafika nyumbani. Nikasema nataka sanduku la vitunguu. Nilikuwa nimepima kwa kamba na kufunga mafundo: urefu huu, upana huu, kuta nne. Njia nzima nilijisifu.

Akainyoosha kamba juu ya meza. Akaikunja, akanirudishia mkononi, akavifunga vidole vyangu juu yake.

"Vitunguu havilalake, mama," akasema.

Akarudi kupiga randa ubao wa mtu mwingine. Bila kuniangalia akanieleza kwamba wakati wa vita, mji ulipofungwa na chakula hakiingii na homa inaingia, kipimo hicho alikitengeneza kwa ajili ya makaburini mpaka mbao zikaisha. Akaanza kung'oa milango ya nyumba yake. Tangu hapo hatengenezi tena kitu kidogo chenye kuta nne. Si cha vitunguu, si cha sukari.

Nikaanza kulia, basi mpango wote ukatoka: chumba, kuku, kifo, rangi. Nikamwonyesha ukurasa wa gazeti. Akausogeza machoni. Akaicheka miguu ya kile kiti, akauliza kama fundi wake alikuwa amelewa. Kisha akaacha kucheka. Akaipitishia kidole, mguu mmoja mmoja.

"Ile ingine haina miguu," akasema.

Atatengeneza! Miguu mirefu, iliyoachana kabisa. Anataka mtu akisimama mlangoni, hata macho yake yawe mabaya, ajue kwamba hiki ni kitanda na si kitu kingine.

Nimerudi polepole. Viatu haviingii, nimevibeba mkononi.

Jumatatu, 9 Septemba

Balaa. Mpangaji amekuja!

Ni kazi ya Mado, jirani anayeuza mikate. Alisikia kwa mama mkwe, akafanya haraka kumtafuta mtu, maana Mado hajawahi kuchelewa kunisaidia pale nisipotaka. Mpangaji anaitwa Roger, anauza viatu, ametoka Butembo na valizi mbili za nguo. Nilitegemea rangi zitamfukuza. Akasimama katikati, akazunguka taratibu, akasema tangu aache kwao hajaona chumba chenye furaha hivi. Akagusa ukuta. Mkono ukabaki chungwa. Akasema si kitu, anapenda chungwa.

Mado akasema chumba kinafanana na kibanda cha kuuzia krediti ya simu. Wivu. Kwake kote ni chokaa.

Mama Élisabeth alikuwa tayari anatafuta ufunguo. Nikamvuta Roger pembeni. Nikatafuta uongo mzuri, haukuja, nikachukua uliokuwa karibu: nikamwambia kuna mtu alifia mle ndani. Akauliza kama ni mtu mzima. Nikasema hapana, mtoto.

Akazibeba valizi zake. Akanipa pole, na ilikuwa pole ya kweli.

Nimeshinda. Lakini tangu hapo sijatulia. Nimelisema kwa mdomo wangu mwenyewe, mlangoni pa mtoto wangu. Mwaka jana nilikiambia kifo rangi na jina. Safari hii nimekionyesha chumba! Jioni nzima nimezunguka mle nikisema hapana, nilikuwa nadanganya, hakuna mtu, hakuna mtoto. Sijui nilikuwa namwambia nani.

Leo amecheza kidogo tu. Labda naye amechoka.

Jumatano, 11 Septemba

Papa Octave amekileta kitanda mwenyewe, juu ya kichwa, miguu ikitazama mbinguni. Avenyu nzima imeona. Mimi nilikuwa nimeandaa maneno: ni meza, mpangaji mwingine anakuja, anapenda meza za namna hiyo. Papa Octave hakunipa nafasi. Alimwamkia mama mkwe kwa jina tu, "Élisabeth," akakitua kitanda chini kati yao, akavua kofia.

Nilisubiri kelele. Hazikuja. Mama Élisabeth aliacha kutwanga majani ya sombe, akaingia depo, akaangalia. Ukuta na sisimizi wake. Pazia la kitenge nililoshona, la maduara. Saa yangu ya spoku za baiskeli, isiyo na mishale. Akaketi sakafuni, miguu mbele, kama msibani.

"Wakati wa vita mi nilitayarisha," akasema. "Nguo, shali, sabuni. Tukakimbia mu pori, furushi juu ya kichwa. Nikazaa kule. Nikarudia na maiti na furushi, ilikuwa ingali imefungwa."

Akaonyesha mlango kwa kidevu. Papa Octave alikuwa bado amesimama pale na kofia yake.

"Ule njo alitengeneza sanduku ya ule mutoto mwanamuke."

Kumbe Dieumerci alikuwa na dada! Hakuna aliyewahi kuniambia. Ndiyo maana yeye aliyefuata wakamwita Dieumerci, Mungu asante.

Akaniuliza rangi hizi ni za nini. Nikamweleza kuhusu kifo kisichojua kama kinamtafuta mvulana au msichana. Hakucheka. Alisema tu kwamba kile hakiulizake. Kisha akainuka, akapangusa kitanda kwa pindo la kitenge chake, akakisukuma chini ya dirisha.

Mimi nakitaka upande wa manjano. Alipotoka nikakirudisha.

Kichwa hakiachi. Nimekumbuka kwamba kesho ni konsultasiyo. Nitaona nikiamka. Vinyota vimekuwa vingi, vizuri kweli. Ningekuwa na rangi nyeupe ningevipaka ukutani.

Jumapili, 15 Septemba

Msichana.

Kimya naye.

Alhamisi siikumbuki. Wanasema nilianguka uani, nikawa natetemeka, wakanipakia pikipiki, Mama Élisabeth nyuma akinishikilia kwa mikono yote miwili.

Alikuwa na nywele nyingi. Nicole aliniachia nimshike. Kucha alikuwa nazo tayari, ndefu, kama aliyetaka kuja kukwaruza mtu. Mama Élisabeth alivua kitenge alichovaa, akabaki na jupon ya ndani tu mbele ya watu, akamfunga. Nguo sikuwa nimenunua hata moja. Hapo tu ndipo nilipomtii.

Ile isiyo na miguu aliileta Papa Octave. Hakuna aliyemwomba. Aliiweka chini, akasema, "Hii tu."

Jumatano, 2 Oktoba

Dieumerci alifika msiba umeshapita. Mvua, barabara, pikipiki. Alilala sakafuni mle depo, mkono mmoja ameshika mguu wa kitanda. Alipoondoka niliona shati lake lina chungwa mgongoni. Ukuta bado haujakauka.

Mado amekuwa akileta mikate, ya moto, kila asubuhi. Kuhusu kibanda cha krediti hajasema tena. Ningependa aseme.

Nilidhani Mama Élisabeth ataagiza kuta zipakwe chokaa. Hakuagiza. Kuku yule wa kwanza, ambaye chungwa lake linaanza kutoka na manyoya, ameingia kutagia ndani ya kitanda. Nikataka kumfukuza. Mama Élisabeth akanikataza. Kitanda kikae, akasema, na kuku akae, kitu kisikae bure.

Jana Nicole aliniita maternité, wodi ya uzazi. Aliongea kwa muda mrefu. Kwamba ni tansiyo. Kwamba miguu kuvimba haikuwa makaa, na vinyota havikuwa rangi, na labda mwaka jana ilikuwa vilevile. Kwamba mimba nyingine ikija nije mapema, nije kila mwezi, hata nikijisikia mzima. Akanilazimisha nirudie. Nikarudia neno kwa neno kama somo la katekismu.

Lakini nilikuwa natazama nyuma yake. Ukuta! Ukuta wa maternité! Buluu, kutoka chini mpaka kiunoni! Na vyuma vya vitanda, buluu! Nilipitaje mle mara mbili bila kuona? Wanangu wote wawili wametokea mbele ya ukuta ule. Sasa kila kitu ni wazi. Chumba changu hakikuwa na kosa lolote.

Mpango mpya. Chungwa limebaki kidogo kwenye kopo, nimelificha chini ya gunia la makaa. Nicole hatakubali mara moja nimpakie ukuta, ni mtu mgumu. Itabidi anizoee kwanza. Kwa hiyo mimba ijayo nitaenda tangu mwezi wa kwanza. Kisha kila mwezi, bila kukosa. Nitakaa benchi la mbele, nimwachie apime tansiyo yake apendavyo, ninywe vidonge vyote atakavyonipa, na kila mara kabla ya kutoka nitamgusia habari ya ukuta. Kidogo kidogo. Kufika mwezi wa tisa atakuwa amechoka.

Simwambii mtu. Mama Élisabeth ataambiwa naenda kuuza mayai.

Mawese yamebaki nusu chupa. Yatatosha kuzimulia.