Ombi la Kurudishiwa Picha Mbaya ya Moyo

Evarist Kahangwa,
Izigo, Muleba.

Kwa Daktari Kokugonza,
Chumba cha vipimo vya moyo, Bukoba.

Daktari, wewe ni mwanangu kwa umri na mkubwa wangu kwa elimu, kwa hiyo nakusalimu kwa njia zote mbili. Mimi ni yule mzee wa shambulio la moyo, uliyempiga picha ya moyo mara mbili kwa kipimo cha eko. Sina ugomvi na picha ya kwanza. Nalalamikia ya pili, kama ifuatavyo.

1. Picha ya kwanza ilikuwa nzuri kwa sababu ilikuwa mbaya. Ulituonyesha kwenye kioo jinsi upande wa kushoto unavyosukuma damu kivivu, ukasema picha kama hiyo hutabiri pumzi kukatika, miguu kuvimba, pengine na kifo. Mke wangu Theopista alilia njia nzima mpaka nyumbani. Tangu siku hiyo nikala sato, jembe sikuligusa, na jumuiya yetu ikahamishia sala zote sebuleni kwangu. Sijawahi kuheshimiwa hivyo nikiwa mzima.

2. Picha ya pili uliipiga bila kunionya kwamba moyo unaweza kupona. Ukatabasamu, ukasema misuli imeamka, kovu ni dogo, na mwenye picha kama hii ana miaka mingi mbele yake akimeza dawa na kutembea. Theopista alisikia neno la mwisho tu. Kesho yake nilitembea mpaka kisimani, na ndoo mkononi. Sato amegeuka dagaa, na jumuiya imehamia kwa mgonjwa mwingine.

3. Hayo ningeyavumilia. Lakini nina mdogo wangu, Damian. Tulikuwa hatusemeshani tangu baba alipozikwa, kwa ajili ya mpaka wa kibanja, shamba la migomba alilotuachia. Kila mmoja anadai mwenzake alisogeza emilamula, ile miti ya mpaka. Tumeishi jirani tukipishana kwenye migomba kama watu wasiojuana. Aliposikia habari za picha ya kwanza alikuja na kuku, akakaa, tukatafuna punje za kahawa kama ilivyo desturi yetu kwa mgeni. Kesho yake akaja tena. Sasa huja kila jioni, na siku hizi tunaongea. Daktari, kipimo chako kilitabiri miguu na pumzi, hakikutabiri Damian. Akijua nimepona hatakuja tena, na hilo naliogopa kuliko nilivyoogopa kufa. Nimemwambia picha ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza.

4. Kwa hiyo naomba lolote kati ya haya: uifute ya pili na kuirudisha ya kwanza kazini, au unipatie picha ya mgonjwa mwingine asiyeihitaji, au, kama sheria zenu zinakataa, uje Izigo jioni moja, umtazame Damian, utikise kichwa. Usiseme chochote, usije ukaingia dhambini kwa ajili yangu. Ebitoke, ndizi zetu za kupika, utakula, na senene wa kukaanga tunao.

Nisalimie wauguzi wote, hasa yule aliyenipaka jeli ya baridi kifuani, na mlinzi wa getini aliyenishika mkono siku ya kwanza. Theopista anakusalimu pia, ingawa hajui nakuandikia nini.

Wako, mtiifu kwa vidonge, mkaidi kwa picha,
Evarist Kahangwa

Nyongeza: Nilimwomba Theopista bahasha, akaisoma barua yote, akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe alimwambia Damian habari za picha ya pili siku ile ile, kabla sijavua viatu. Muda wote huu Damian anajua mimi ni mzima, na anakuja. Jioni hii nimemuuliza sababu. Amesema alikuwa anasubiri nipate nguvu, kwa kuwa yeye hagombani na mgonjwa. Sasa kesi ya mpaka iendelee, kila jioni, na kesho analeta kiti chake mwenyewe. Basi Daktari, ile picha ya pili iache kama ilivyo, tena itunze vizuri. Kesi hii itachukua miaka.