Hotuba ya Kuzindua Dawati la Kulinda Namba Zenu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa wakurugenzi, manaibu wao na wanaokaimu unaibu. Wazee wetu, mama zetu, na ninyi wananchi wa kawaida mliokaa chini kwa kuwa viti vimekaliwa na wadau: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya mstari wa mbele.)

Ndugu zangu, zimezuka aplikesheni za mikopo ambazo, ukichelewa kulipa siku moja tu, zinachukua namba zote zilizomo kwenye simu yako na kumtangazia kila mtu, kuanzia shangazi hadi fundi bomba, kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Ofisi yangu haikulala. Tumefanya vikao kumi na saba, warsha nne za kujengeana uwezo na ziara moja ya mafunzo kwenye hoteli nzuri sana, na utafiti wetu umebaini kuwa asilimia mia moja na nne ya waathirika waliathirika. (Vicheko.) Ndiyo maana leo nazindua Dawati la Faragha, ambapo siri ya mwananchi itatunzwa kama mboni ya jicho.

Nitoe mfano hai. Ninalo hapa faili la siri la mama mmoja, fundi cherehani wa nyuma ya stendi, mwenye mlango wa bluu. (Sauti: “Tumeshamjua!”) Anaandika, nanukuu: “Nilikopa kununua mota ya cherehani. Tafadhali zuieni hizo meseji zisiwafikie wakwe watarajiwa, maana posa ya binti yangu ni Jumamosi.” Inasikitisha! (Mwanamke anasimama: “Baba, nakuomba, acha kusoma!”) Kaa mama, usihofu, wataalamu tupo. Tena kwa ajili ya ushirikishwaji, namba zenu nyote mlioalikwa leo tumezitoa kwenye simu yake, kwa hiyo wakwe hao wamo humu. Wasimame tuwaone!

(Mama mmoja wa upande wa wakwe anasimama: “Mheshimiwa, hiyo meseji tuliipata wiki mbili zilizopita. Tukaifuta, tukanyamaza. Posa iko palepale. Aliyemwaibisha mwenzetu ni wewe.” Ukumbi mzima unalipuka kwa makofi.)

Asanteni, asanteni sana, mnanipa nguvu! Faragha yako! (Kimya.) Mnajibu: “Fahari yetu!”

Nimalizie kwa kuwashukuru wafadhili wetu, kampuni ya mikopo, waliotuazima ukumbi huu, viti, na meza ninayoizindua, ambayo wanakuja kuichukua saa tisa. Dawati lenyewe, kwa lugha ya kitaalamu, bado halijakuwepo. Kwa sasa, mwenye malalamiko awaachie wao namba yake pale mlangoni.