Ganda la Dunia na Shemeji Yangu

Jumatatu, 4 Machi
Meli ya utafiti imefika. Tunashusha vyombo vya kusikilizia hadi sakafu ya bahari, tunalipua hewa majini, na mshindo unavyorudi tunapima unene wa ganda la dunia. Atakayepata picha safi ndiye atakayezungumza kwenye mkutano mkuu. Mimi nimepangiwa mtaro, shimo refu la giza linalomeza vyombo. Shemeji, mume wa dada yangu, kapewa visiwa vya volkano. Nikamwambia mtaro unataka mtu makini kama yeye. Tukabadilishana. Akanishukuru kwa kumwamini. Nilikosa pa kuuficha uso.

Jumatano, 6 Machi
Mchimba kisima huingia mwenyewe. Chini ya volkano mawe yamelainika kwa joto, mawimbi ya mshindo yanapotea njia. Vyombo vya kwanza vimepandishwa, na picha yangu ni matope matupu. Ya shemeji inaonyesha bamba la mwamba wa sakafu ya bahari likijipinda na kuzama chini ya visiwa, waziwazi, kama mkeka unaosukumwa mvunguni. Hata mpishi alikuja kutazama. Mimi hakuna aliyeniuliza hata hujambo.

Alhamisi, 7 Machi
Zamu yangu ya kuviita vyombo vilivyobaki, kwa mlio unaotumwa majini, vipande juu. Cha mwisho cha shemeji sikukiita. Nikaripoti kwamba hakijibu. Shemeji alisimama ukingoni akitazama maji mpaka chai yake ikapoa. Nilitaka kusema. Meli ikaondoka, na mafuta hayaturuhusu kurudi.

Ijumaa, 8 Machi
Mkuu wa safari, mama asiyepandisha sauti, alituita. Chombo kilichopotea, alisema, ndicho kingeunganisha mtaro na visiwa. Bila hicho, ganda chini ya visiwa vyangu halipimiki. Kazi ya shemeji inasimama yenyewe. Yangu itabaki kabatini. Shemeji akanishika bega. "Pole, shemeji. Bahari haina adabu." Kisha akaomba jina langu liandikwe kando ya lake. Nilikwenda chooni nikalia. Huyu ndiye baba wa wapwa zangu.

Jumapili, 10 Machi
Nimeapa: hila basi. Tukishuka bandarini nitamweleza kila kitu. Moyo umekuwa mwepesi.
Kumbe kuna mlima mpya umeonekana sakafuni mwa bahari, na kesho asubuhi mkuu atapokea mapendekezo ya jina. Shemeji ameniuliza kikao ni saa ngapi.
Nimemwambia alasiri.