Walezi Rika wa Nkololo

Jumatano, 1 Januari

Mwaka mpya, Salvatory mpya! Nimeamka na wazo kubwa hata nikabaki kitandani nimeduwaa. Januarius, mshereheshaji mwenzangu hapa Bariadi, amepewa kuongoza uzinduzi wa ofisi kule Lagangabilili. Mimi nilipewa kipaimara cha mtoto mmoja, nacho kimeahirishwa. Basi! Januarius anangoja wengine wazindue. Mimi nitaanzisha kitu changu na kukizindua mwenyewe.

Kitu chenyewe: vijana wajitolee kuwalea vijana wenzao. Kila aliyekwama apate wa rika lake wa kumshika mkono. Walezi Rika! Meza kuu, mgeni rasmi, na mimi na kipaza sauti changu. Mwili umenisisimka. Akili hizi nazitoa wapi?

Ijumaa, 3 Januari

Nimekwenda Nkololo kumwona Violeth, afisa maendeleo ya jamii wa kata. Nilijiandaa kumbembeleza, kumbe naye alikuwa akilitafuta jambo hili siku nyingi! Akauliza nani atawafundisha walezi. Nikasema mimi. Akauliza nina uzoefu gani na vijana. Nikasema nimewahi kuwa kijana. Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Nadhani alivutiwa.

Amenipa kazi ya kweli. Kuna binti anaitwa Kabula. Aliacha shule kidato cha pili alipopata mimba. Mtoto wake, Salu, sasa anatembea. Shule imekubali arudi, sare imeshonwa, mama yake atabaki na mjukuu. Lakini kila akienda, anafika getini, anageuka. Shule zinafunguliwa tarehe kumi na tatu. Asipoingia safari hii, shangazi yake wa Mwanza atakuja kumchukua kwa kazi za ndani, na Violeth anasema waliochukuliwa hivyo hajaona hata mmoja akirudi darasani.

Nimemwambia asiwe na shaka. Nitaandika hotuba.

Jumapili, 5 Januari

Baada ya ibada nimewafundisha walezi kumi. Vijana safi, wamefaulu, wana nidhamu. Mada: Nguzo Saba za Kumsikiliza Mwenzako. Nilipofika nguzo ya tatu giza lilikuwa linaingia. Wanne walisinzia. Ni uzito wa mada.

Fulana zimefika. Rangi nzuri sana, kijani kibichi. Mgongoni, herufi kubwa: WALEVI RIKA NKOLOLO.

Walevi!

Fundi ameapa alinakili mwandiko wangu. Nimeutazama. Kweli, z yangu ina namna yake. Lakini si angejiuliza?

Jumamosi, 11 Januari

Siku ya kuwakutanisha walezi na walelewa. Mvua ilinyesha hadi alfajiri, kisha jua likawaka. Kila mtu wa huku anajua maana yake: palizi! Walezi wangu wote wako kwenye pamba. Waliofika ni wale wa kulelewa tu. Wamevaa fulana, maana hakukuwa na mwingine wa kuzivaa.

Miongoni mwao kuna mmoja mrefu, Mayige, yuko kidato cha tatu. Nilimwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, kwa sauti yangu ya jukwaani. Hakuitika. Kabula alikaa nyuma kabisa, Salu mapajani.

Nikawaambia wanisubiri pale kwenye darasa tuliloazima shule ya msingi, wasifanye lolote. Nikapanda bodaboda ya Imrani kuwafuata walezi mashambani. Njiani tukazama. Si kuteleza, kuzama! Imrani akasema nishuke nisukume. Nikasukuma, pikipiki ikatoka, tope lote likabaki kwangu. Shamba la kwanza nilipoanza kueleza umuhimu wa kujitolea, mama mmoja akanikabidhi jembe. Sikuona pa kupitia. Nimelima mpaka alasiri.

Nikarudi bila mlezi hata mmoja. Nilitegemea kukuta darasa tupu. Nikachungulia dirishani.

Mungu wangu.

Wamevuta madawati wakakaa duara. Kabula ndiye anaongea. Salu amelala kifuani kwa Mayige. Kabula anasema haogopi masomo. Anaogopa pale getini, macho yote yanapomgeukia. Anasema miguu inakuwa kama si yake. Hakuna aliyemkatiza. Hakuna aliyemwambia ajikaze. Wamekaa tu, wanamsikia.

Kisha yule Mayige akafungua mdomo.

“Mimi nilichunga ng'ombe mpaka nikawa jitu zima, ndipo nikaanza darasa la kwanza. Siku ya kwanza nimeingia, watoto wote wakasimama. Shikamoo mwalimu!”

“Ukafanyaje?” Kabula akauliza.

“Nikaitikia marahaba.”

Walicheka hadi Salu akaamka. Kabula alicheka akafuta macho, na sikujua anafuta nini. Mayige akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba Jumatatu watampitia nyumbani. Wote.

Sikuingia. Nilisimama pale tope likinikaukia usoni. Nimesherehesha harusi, mahafali, hata mnada wa ng'ombe. Sijawahi kusikia ukumbi umetulia namna ile.

Jumapili, 12 Januari

Nimetafakari. Jambo lao ni zuri ajabu, lakini kuna pengo: hotuba. Nimeiandika upya. Nimechaji kipaza sauti.

Januarius amepita, ameona fulana yangu kwenye kamba. Akauliza kama walevi wanapokea wanachama wapya. Wivu.

Jumatatu, 13 Januari

Walimpitia kweli. Nimewaona wakija njiani, Kabula katikati na sare yake mpya, wenzake pande zote. Hata wale ambao shule si yao tena wamekuja na fulana zao. Mama yake nyuma na Salu mgongoni. Violeth naye alikuwepo. Wakafika getini. Kabula akasimama. Miguu ikagoma.

Nikaona: hapa ndipo panapotakiwa hotuba! Violeth alinikonyeza nisithubutu. Nilidhani ananitia moyo. Nikainua kipaza sauti, nikabonyeza.

Nilibonyeza kitufe cha king'ora.

Kililia kama gari la zimamoto. Nikabonyeza tena, kikazidi. Milango ya madarasa ikafunguka. Shule nzima ikamiminika uwanjani, ikatazama getini. Macho yote, yale yale! Kabula akageuka. Nikasema moyoni, Salvatory, umemmaliza mtoto wa watu.

Mayige akasogea mbele yake. Hakumshika, hakumsihi. Akawageukia wanafunzi wale wote, akainua mkono kama mkaguzi wa elimu, akasema kwa sauti nzito:

“Marahaba!”

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa Kabula. Nasema kilitoka kwake! Kisha shule nzima. Na katika kicheko kile akavuka geti kwa miguu yake mwenyewe, wenzake wakitembea naye hadi mlangoni mwa darasa. Mwalimu wa zamu akauliza hawa walevi ni akina nani. Kabula akajibu, “Ni wenzangu, mwalimu.”

Mama yake alikuwa amejifunika uso na kanga. Alikuwa akishukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja, bila kumtazama mtu. Mimi nikakaa chini kwenye majani. Hotuba ilibaki mfukoni. Mimi!

Jumanne, 14 Januari

Kabula amerudi tena shuleni leo asubuhi. Violeth amesema ameingia bila kusimama.

Nimeelewa yote sasa. Siri ni kunyamaza! Mtu akiwa na mzigo, kaa naye, funga mdomo. Nimeduwaa jinsi jambo lenyewe lilivyo jepesi. Nikaenda kwa jirani yangu, Mzee Masele, ambaye amefiwa na kaka yake wiki hii, nikamweleza. Nilianza saa sita mchana. Jua linazama bado nilikuwa kwenye utangulizi, na yeye bado hajapata nafasi ya kusema neno. Amevutiwa mno, machozi yalimtoka.

Hili halifai kubaki Nkololo. Nimeamua: semina ya kunyamaza, mkoa mzima, siku tatu mfululizo. Mtoa mada peke yake, asubuhi mpaka jioni, mimi.