Mashine ya Tumbo na Mbavu za Mumbi

Jumatatu, 6 Machi 2006
Nimeamua. Tumbo hili litaisha!

Leo Mumbi, akipangusa meza hotelini kwake, alisema wanaume wa Kitengela siku hizi wanatembea na mito ndani ya shati. Watu walicheka. Mimi nilivuta tumbo ndani mpaka nikamaliza chai. Tangu afungue hoteli karibu na duka langu la mabati, sijapika mchana. Huniwekea mbavu pembeni bila kuombwa. Nampenda. Sijamwambia. Nitamwambia tumbo likiwa bapa.

Ngui, dalali wa ng'ombe, naye humkodolea macho. Lakini kitambi chake hufika mezani kabla yake. Simhofii.

Jumanne, 7 Machi
Nimeingia gym, ile iliyo juu ya duka la dawa. Mwalimu Wathome alinionyesha mashine ya tumbo. Unakaa, unashika vishikio, unajikunja mbele, na vyuma vinapanda nyuma yako. Akaniambia nianze na vyuma vyepesi, kisha akaenda kupokea simu. Nikaongeza. Haraka haina baraka, wanasema, lakini wao hawamjui Mumbi. Moto ukawaka tumboni. Moto mtamu!

Jumatano, 8 Machi
Siwezi kuinuka. Nilijiviringisha kutoka kitandani kama gunia la viazi. Kupiga chafya ni adhabu. Sikwenda kula kwa Mumbi. Mchana harufu ya nyama yake iliingia dukani, nami nikasimama mlangoni kama mfiwa. Nimemwazia siku nzima.

Alhamisi, 9 Machi
Balaa! Mumbi alisimulia kisa cha mteja aliyefungiwa chooni na mbuzi. Hoteli nzima ilivunjika mbavu. Mimi nitacheka vipi na tumbo hili? Nilikaza uso, nikaitazama chumvi. Akaniletea mbavu zangu. Nikazisukuma kando, maana mazoezi na mafuta haviendi pamoja. Akainama, akauliza polepole: "Macharia, kwani uko na shida gani na mimi?"

Ile sauti! Nilitaka kumwambia yote. Badala yake nikajibu kwa nguvu, kiume, kwamba si yeye, ni tumbo, linaniuma vibaya tangu juzi.

Mzee mmoja akauliza juzi nilikula wapi. Wote walijua. Meza ya pili wakasukuma sahani. Wengine wakaanza kutafuta kofia zao.

Ndipo Ngui aliposimama. Akatangaza kwamba yeye hula hapa kila siku, na afya yake ndiyo hii, akajipiga tumbo. Akachukua mbavu zangu, akazila zote akiwa wima. Watu wakarudi kukaa. Mumbi alimtazama vile nilivyotamani anitazame mimi.

Jumamosi, 11 Machi
Nilikwenda kuomba msamaha. Nikaeleza kwamba ni mashine. Mumbi akauliza mtu mwenye akili zake analipia vipi kuumwa na tumbo. Jibu lilikuwa yeye. Nikaagiza chai badala yake. Akasema pole basi, akaenda kumpakulia Ngui. Akakipiga kitambi chake kofi la utani, akasema mpishi hana shukrani nyingine zaidi ya hiyo. Moyo uliniuma kuliko tumbo.

Jumapili, 12 Machi
Kanisani Mumbi alikaa benchi moja na Ngui. Alikuwa amejifunga kitambaa cha kijani kichwani. Sikusikia mahubiri hata neno.

Nimewaza njia nzima ya kurudi nyumbani, na sasa kosa langu nimeliona wazi. Vile vyuma vilikuwa vyepesi.