Nilivyopima Taa za Gari kwa Makaa Pale Dunga

Leo nimeaibika, tena hadharani, tena kwenye somo ninalofundisha. Nawaambia mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine, maana walioshuhudia ni wauza samaki wa ufukwe wa Dunga, hapa Kisumu, na habari mikononi mwao hailali.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. (Hilo mlikumbuke, litaniumiza mbele.) Wiki tatu zilizopita nilipata gari jipya. Jipya kwangu, maana Japani walishalitumia wakachoka. Kitabu chake cha maelezo ni cha Kijapani. Gari lenyewe ni zuri, halina kelele, na taa zake zina tabia moja: ukiwasha zinainama kidogo, kisha zinainuka polepole, kama mtoto anayeamkia wakubwa. Shida ni kwamba tangu nilichukue, kila ninayepishana naye gizani ananimulika kwa hasira. Juzi mtu wa bodaboda alisimama kabisa, akaniuliza, "Mama, kwani unatafuta nini huko mbinguni?"

Nikajua taa zangu zinapiga juu. Zinahitaji kushushwa.

Na haikuwa jambo la kungoja. Kesho kabla jua halijatoka nampeleka mama yangu Luanda Kotieno, apande feri aende Mbita kumwona dada yake. Mama ametolewa mtoto wa jicho mwezi uliopita. Miaka minne amekuwa akimjua dada yake kwa sauti tu, na sasa anataka kumwona uso. Barabara ile ina kona, ina ng'ombe, ina watu wanaotembea gizani na nguo nyeusi. Siwezi kwenda na gari linalopofusha kila anayekuja mbele yetu.

Kwa hiyo leo mchana nikampigia shemeji yangu Oduor, mume wa mdogo wangu. Ana gereji, na magari haya ya kisasa ndiyo kazi yake.

"Usiguse kitu," akasema. "Hizo taa hujipanga zenyewe. Kuna kifaa huko nyuma kinapima mzigo. Gari likilemewa, taa zinashuka. Likiwa tupu, zinapanda. Ilete kwangu, niangalie."

"Oduor, baba yangu amepima taa miaka thelathini bila kifaa."

"Sawa, Mwalimu," akasema. Kwa sauti ile ambayo wanafunzi wangu hutumia.

Niwaeleze kuhusu baba. Alikuwa dereva wa lori la samaki, Luanda Kotieno kuja Kisumu, Dunga kwenda Luanda Kotieno. Kila mwisho wa mwezi alikuwa akiliegesha mbele ya stoo moja nyeupe hapo Dunga, hatua kumi kutoka ukutani. Anachukua kipande cha makaa, anachora msalaba kwa kila taa, kisha msitari kiganja kimoja chini ya misalaba. Mwanga ulipaswa kukomea kwenye msitari ule. Mimi ndiye niliyeshika bisibisi. Nilikuwa na miaka tisa, na dada zangu walinionea wivu mpaka basi. Yeye anasimama ukutani, kiganja kimeegemea chokaa, mimi niko kwenye taa. "Shusha. Shusha. Kidogo tena. Hapo hapo, nyathina." Mtoto wangu. Halafu tunakula mandazi tukikaa kwenye bampa, na mikono yetu yote minne ni myeusi.

Nafikiri fizikia niliipenda pale, kabla sijajua inaitwa fizikia.

Saa kumi na mbili na nusu jioni nikafika Dunga na mama. Ukuta bado upo. Umepakwa rangi upya, nyeupe kabisa, na stoo sasa ni ya Mama Atieno, mwanamke mnene mcheshi aliyekuwa akimuuzia baba samaki tangu akiwa msichana. Nikamwomba ruhusa ya kuchora.

"Kwa makaa?" akauliza. Kisha uso wake ukalainika. "Kama mzee. Chora, mwanangu. Nitapaka tena."

Akawaita wenzake waliokuwa wakifunga magunia ya omena, dagaa wetu wa ziwani. "Njooni muone. Binti ya yule dereva anapima taa kama baba yake."

Wakaja. Wanawake kama kumi, na wavuvi waliokuwa wakikunja nyavu, na mzee mmoja na redio yake. Nakiri nilifurahi. Nilikunja mikono ya blauzi. Nikahesabu hatua kumi, nikachora misalaba, nikachora msitari. Mama alibaki ndani ya gari, kiti cha mbele, akinitazama kwa jicho lake jipya na kutabasamu.

Giza likawa limetosha. Nikawasha injini na taa. Zikainama, zikainuka, na mwanga ukapiga juu ya msitari. Juu ya misalaba. Juu ya mlango wa stoo. Mwingine ulipita juu ya paa ukawaamsha ndege.

"Ah," nikasema. "Mmeona?"

Nikafungua boneti, nikapata skrubu, nikaanza kushusha. Kulia, kushoto, kulia. Mwanga ukateremka. Watu wakaguna kwa heshima. Hapo nikakumbuka kwamba baba alikuwa akipima lori likiwa na mzigo, na kesho nitakuwa na mama na mifuko yake. Nikaomba wanawake watatu wakae kiti cha nyuma. Mama Atieno akaingia wa kwanza, gari likashuka matako.

Mwanga ukaruka juu ukutani. Halafu, bila mimi kugusa chochote, ukaanza kushuka wenyewe. Kulikuwa na mlio mdogo, nzzz, kama nzi kwenye chupa.

"Mwalimu, umeshika?" akauliza mzee wa redio.

"Sijashika."

"Mbona inashuka?"

"Skrubu imelegea," nikasema. (Sijui kwa nini. Oduor alinieleza mchana kila kitu.) Nikainua kidogo, kufidia. Nikawaambia wanawake watoke. Mwanga ukadondoka, kisha ukapanda wenyewe, nzzz, ukapita pale nilipoutaka. Nikashusha. Wakaingia tena. Ukaruka, ukashuka. Nikainua. Wakatoka. Tukaendelea hivyo mara tano. Mama Atieno akaanza kuhema.

"Hizi gari mpya si zinajipima zenyewe?" akasema mvuvi mmoja, taratibu, kama mtu asiyetaka ugomvi.

Nami nikamgeukia na kumfundisha. Nilimweleza kuhusu kani ya uvutano. Nilimweleza jinsi mwanga unavyosafiri katika msitari ulionyooka. Nilichora ukutani, kwa makaa, mishale. Mama Atieno aliitazama rangi yake mpya, kisha mishale yangu. Mvuvi akaitikia kwa kichwa na kunishukuru.

Mwishowe nikaamua: gari tupu, isipokuwa mama, na nishushe tu mpaka mwanga ulale kwenye msitari. Skrubu ilizunguka mpaka karibu iishe. Mwanga ukalala. Palepale, kiganja kimoja chini ya misalaba. Nikasimama ukutani, nikaegemeza kiganja changu kwenye rangi. Niliona kama baba yuko pale. Watu wakapiga makofi, kweli, walipiga.

Ndipo mama akatoa kichwa dirishani.

"Nyathina," akasema. "Hii taa ya bluu hapa mbele ya usukani ni ya nini?"

"Ni alama kwamba taa zimewaka, Mama."

"Kwenye lori la baba yako ilikuwepo. Akiiona tukipishana na gari, anaizima haraka. Anasema, hiyo ni ful, taa za mbali, unaua watu."

Redio ya mzee ilikuwa kati ya wimbo na wimbo.

Nilienda kwenye usukani. Wiki tatu nimekuwa nikiitazama ile taa ya bluu. Nilidhani ni urembo. Gari langu la zamani, ili taa ziwake lazima usukume kile kijiti cha kando ya usukani mbele kwa nguvu, na mkono wangu ulikuwa haujasahau. Nikakivuta nyuma. Tak.

Mwanga ukatoka ukutani wote. Ukaanguka chini mbele ya bampa, ukamulika viatu vya Mama Atieno na samaki mdogo mmoja aliyedondoka. Ukutani pakabaki giza, na mishale yangu.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniuma. Walingoja kwa adabu, mpaka yule mvuvi akasema polepole, "Msitari ulionyooka, Mwalimu." Hapo wakaanguka kwa kicheko. Mmoja alikaa chini kabisa juu ya gunia la omena.

Nilimpigia Oduor. Alikuja kwa pikipiki, na ovaroli yake, na hakuniuliza kitu kwa sababu alikuwa ameshaelezwa njiani na watu wanne. Alimtoa kila mtu garini, hata mama. Alipima upepo wa magurudumu. Aliwasha taa za chini, akangoja zimalize kuinama na kuinuka, kisha akazungusha skrubu zangu zote kurudi juu mpaka mwanga ukakomea kwenye msitari wa makaa. Hakuchora mwingine.

"Alama zako ziko sawa kabisa," akasema. "Mzee alikufundisha vizuri." Akafunga boneti. "Taa hazikuwa na shida, shemeji. Shida ilikuwa ful."

Tukarudi nyumbani polepole. Taa za chini. Tulipishana na magari mengi na hakuna aliyenimulika, na kila moja lilipopita nilikuwa nawaza juu ya wote niliowapofusha wiki tatu. Mama aliniona nikifuta macho.

"Usilie," akasema. "Baba yako wiki yake ya kwanza na lile lori alitoka Luanda Kotieno mpaka mjini bila kutoa handibreki. Nilikuwa nimekaa kando yake. Nikamwambia nasikia harufu ya kuungua."

"Akasemaje?"

"Akaniambia ni samaki."

Nilicheka mpaka ikabidi nisimame kando ya barabara. Baba yangu. Mtu wa misalaba na kiganja kimoja chini. Mama alisema hajawahi kumwambia mtu, kwa sababu mzee alimwomba, na kwa sababu lilikuwa jambo lao wawili.

Aibu ya baba imefichwa miaka arobaini. Ya kwangu, kabla sijafika nyumbani, jirani yangu alikuwa getini akiniuliza kama ni kweli. Jumatatu naanza na Kidato cha Pili sura ya mwanga, kwa hiyo nawaomba, mwenye mtoto darasani kwangu, ukishamaliza kucheka usimsomee hii.